Sahani ya Chumba cha Ilham

Baada ya sala ya magharibi Bi Mashavu alipakua wali wa nazi na mchuzi wa samaki changu katika sahani mbili. Moja ilikuwa yake. Ya pili, nyeupe yenye mstari wa buluu ukingoni, aliifunika kwa kawa, akaichukua mpaka chumba cha mwisho, akausukuma mlango kwa bega na kuiweka sakafuni pembeni ya kitanda. Mahali si mbali mzinga ulilia. Kioo cha dirisha kilitetemeka, na vumbi la rangi ya tangawizi likashuka kutoka darini likatua juu ya kawa.

"Bismillahi, mwanangu," alisema, akafunga mlango, akenda kula.

Chumba hicho kilikuwa cha binti yake Ilham alipokuwa msichana. Tangu vita vilipoanza Sudani kilikuwa Omdurman. Fleti yenyewe haikuhama. Ilikuwa pale pale, ghorofa ya nne ya jumba moja refu la Michenzani, na ukichungulia dirisha la chumba hicho uliona magari yakizunguka na watu wakila urojo chini, kama siku zote. Lakini ndani joto lilikuwa la kule. Umeme wa kule ulipokatika, taa ya chumba ilizima hata kama jumba zima linawaka. Risasi zilizopotea njia ziliingia na kutoboa ukuta wa nyuma ya kabati. Bi Mashavu alilisogeza kabati upande wa pili ili kanga zisiharibike, akaendelea kushona kofia zake sebuleni.

Ilham alikwenda Khartoum kusoma, akaolewa ng'ambo ya mto, Omdurman, na mwalimu wa hesabu, mtu mpole jina lake Muhiddin. Vita vilipoanza, wanafunzi wa Kizanzibari waliondoka kwa mabasi, kisha kwa ndege, na mama zao wakaenda kuwapokea na vitambaa vya kufutia machozi. Ilham aliwasindikiza wenziwe mpaka kwenye basi, akarudi nyumbani. Muhiddin hakuwa na pasi ya kusafiria na mama yake alikuwa hawezi kutembea.

"Nitakuja vikitulia, mama," alisema kwenye simu.

Majirani hawakushangaa, ila walishuku. Bwana Borafya wa ghorofa ya tatu alipanda siku moja na kikombe mkononi.

"Bi Mashavu, mchanga wako unaniingia kwenye chai."

"Si wangu, Bwana Borafya. Wa Omdurman."

"Basi wambie hao wa Omdurman, mie chai nnakunywa saa kumi."

Wengine walisema kaficha mtu. Mwanamke anayekaa peke yake hapakui sahani mbili. Maneno hayo yalimfikia sheha wa mtaa, Mzee Ubwa, naye akaja akiwa kavaa kanzu, ili ijulikane kwamba kaja kikazi.

"Nimesikia una mgeni hukuniletea habari zake."

"Sina mgeni, Mzee Ubwa."

"Na sahani ya kila jioni?"

"Ya mwanangu."

"Mwanao yuko Sudani."

"Ndiyo."

Sheha alikwenda chumbani, akakaa kitandani. Alisikiliza kwa muda. Alitia kidole katika tundu la risasi, akakinusa, kisha akatoka akijipangusa kanzu.

"Chumba hichi kimo katika shehia yangu au hakimo?"

"Dirisha limo."

Mzee Ubwa alifikiri. "Basi dirisha nalitambua," alisema. "Kilobaki si changu." Akaomba maji, akanywa, akaondoka. Hata hivyo alimwagiza Bi Biasha wa mlango wa pili awe anatupa jicho.

Bi Biasha na Bi Mashavu walihamia jumba hilo wakiwa wari wapya, wametoka kuolewa. Watoto wao walikua kwenye ngazi zile zile, na baina ya milango yao miwili mabakuli hayakuacha kutembea. Siku moja Ilham, akiwa bado hajabadilisha meno, alitumwa kurudisha bakuli la Bi Biasha lililokuja na tambi, akalirudisha tupu. Bi Mashavu alimshika mkono, akalifuata bakuli, akalitia ndimu moja na kumwambia mtoto alipeleke tena.

"Chombo cha mtu hakirudi kitupu," alimwambia. "Hata kama huna kitu, tia chumvi. Kurudisha kitupu ni kumwambia mtu asije tena."

Ilham alilia kwa aibu, maana Bi Biasha alicheka. Hakurudia.

Ndiyo maana asubuhi ya kwanza baada ya kuiweka sahani chumbani, Bi Mashavu hakuhitaji mtu wa kumweleza. Sahani ilikuwa imeoshwa, na katikati palikuwa na fungu la maua makavu mekundu ambayo Wasudani huyachemsha wakanywa. Aliyachemsha. Yalikuwa machachu. Alitia sukari, akampelekea na Bi Biasha kikombe.

"Mwanangu kaniletea."

"Mashaallah," alisema Bi Biasha. "Kamjua mamaake."

Kwa muda mrefu mambo yalikwenda hivyo. Sahani ilikwenda na wali, mihogo ya nazi, maharage, siku ya Ijumaa biriani. Ilirudi na tende, na sukari iliyofungwa katika karatasi ya daftari, na punje za pilipili manga. Kisha vita vilisogea, na Bi Mashavu alijua hivyo kutokana na kabati, maana sasa lilitobolewa hata huko liliko. Vitu vilivyorudi vikawa vidogo. Kitunguu thomu. Njiti za kibiriti. Chumvi. Asubuhi moja palikuwa na kifungo cha blauzi, cheupe, kimeoshwa vizuri.

Alikiweka kwenye kikopo cha nyuzi zake. Kesho yake kikaja kingine.

"Mwanangu hata vitani harudishi chombo kitupu," aliwaambia wanawake waliokuwa wakianika nguo, na kwa siku kadhaa alitembea kifua mbele. Mwanawe wa pili, Tahir, aliyekuwa akipokea wageni katika hoteli moja ya Shangani, alipokuja kula chakula cha mchana alimwonyesha vifungo.

"Mtandao ukirudi mwambie dada yako, mama anauliza vifungo vyote hivi vya nini. Ananishonea koti?"

Tahir alicheka mpaka akapaliwa. "Nitamwambia."

Haukupita muda, asubuhi moja sahani ilikutwa kama ilivyowekwa. Kawa lilikuwa na vumbi. Wali ulikuwa umekauka, samaki hajaguswa. Bi Mashavu alikaa kitandani akasikiliza. Hapakuwa na mizinga siku ile. Palikuwa na mbwa tu, kwa mbali. Alipakua chakula kingine jioni, na asubuhi yake sahani ilikuwa imeliwa, imesuguliwa kwa mchanga, na ilikuwa tupu.

Aliigeuza, akaangalia chini yake. Alipiga magoti akatazama mvunguni. Kesho yake ilikuwa tupu, na kesho kutwa.

"Mtandao mbovu," Tahir alimwambia, "lakini nimempata jana. Hajambo. Anakusalimia."

"Kasema nini?"

"Kasema anakusalimia."

Kuanzia hapo Bi Mashavu alianza kuwaangalia watu. Kaka yake Wakil, aliyekuwa akikaa Mpendae na ambaye kwa kawaida huonekana sikukuu hadi sikukuu, sasa alikuja kila mara na kilo ya nyama, akakaa ukingoni mwa kiti na kuulizia dawa zake za presha. Wanawake wa kamba ya nguo walinyamaza alipotokea, kisha wote wakaanza kusema pamoja juu ya bei ya nazi. Bi Biasha hakuuliza tena Ilham kaleta nini. Na Bwana Borafya aliacha kulalamika. Mchanga ulimwagika kwake kama kawaida. Bi Mashavu alimwona barazani akiupuliza juu ya chai, akainua macho, akamwona, akanywa.

Hilo la chai ndilo lililomnyima usingizi.

Jumapili moja Wakil alileta sinia la pilau, limefunikwa vizuri, kutoka Bwejuu kwa wakwe zake.

"Kuna nini Bwejuu?"

"Walima. Mtoto wa Bi Tabia kaoa."

"Mbona hamkunialika?"

"Na presha hiyo, dada? Safari ndefu."

Pilau ilikuwa ya mbuzi, imekolea bizari, na Bi Mashavu alikula akaisifu. Alimwombea bibi harusi uzazi wa kheri. Alipakua sahani yenye mstari wa buluu akaipeleka chumbani, na sinia la watu wa Bwejuu aliliosha, akalitia sukari na ndimu, akampa Wakil alirudishe. Wakil alilipokea kwa mikono miwili na hakuweza kusema ahsante. Dada yake aliliona hilo pia.

Sahani ya pilau ilirudi tupu.

Alhamisi alimwita Tahir. "Ukimpata dada yako leo, mwambie kesho anitilie kitu kwenye sahani. Chochote. Akwambie atatia nini, kisha unambie."

Tahir alimwangalia. "Kwa nini, mama?"

"Nna hamu ya kujua."

Jioni alipiga simu. "Nimempata," alisema. "Kasema atatia tende."

"Ahsante, mwanangu."

Asubuhi Bi Mashavu aliingia chumbani kabla hajanywa chai. Sahani ilikuwa mahali pake. Katika vumbi la sakafu palikuwa na alama ya kiatu kikubwa chenye meno kwenye soli, na hewa ilinuka sigara. Muhiddin alikuwa havuti. Aliichukua sahani, akaiweka juu ya meza ya sebuleni na kumpigia Tahir aje kabla ya kwenda kazini. Tahir alikuja na shati la hoteli limepigwa pasi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Tende ziko wapi?"

Tahir aliiangalia sahani. "Labda hakupata. Mtandao ulikuwa unakatika, labda sikumsikia vizuri—"

"Sahani haina mtandao, Tahir."

Alikaa. Alianza kulia kimya kimya, kama marehemu baba yake alivyokuwa akilia, mdomo umefungwa.

Kombora lilianguka kwenye foleni ya soko, alisema. Muhiddin ndiye aliyempigia Mjomba Wakil. Muhiddin na jirani walimzika uani, maana makaburini hapakwendeka. Kisha Muhiddin alimbeba mama yake wakaenda mpakani na Misri. Hitma yake ilisomwa Bwejuu, kwa wakwe wa Mjomba, ili mama asisikie. Mjomba alisema presha itamuua, asubiriwe mpaka idi ipite. Jumba zima lilikuwa linajua. Bi Biasha alikwenda kwenye hitma.

"Ile pilau," alisema Bi Mashavu.

"Ndiyo."

"Niliisifu."

Tahir aliifunika sahani kwa kiganja.

"Alikwenda sokoni kufanya nini? Chakula alikuwa nacho. Nilikuwa nampelekea mimi."

Hapo Tahir alinyanyuka, akenda dirishani, akarudi. Bi Mashavu alijua kwamba presha haikuwa sababu yote.

"Muhiddin alisema chakula kilikuwepo. Alimkataza. Lakini alikuwa keshang'oa vifungo vyote na hana cha kutia kwenye sahani. Alikwenda kutafuta sukari, mama. Hata ya kijiko kimoja." Alijifuta uso kwa mkono wa shati. "Nilimwambia lile neno la koti. Akacheka. Akasema, mwambie mama ngoja nitamwonyesha."

Bi Mashavu aliinuka, akaitia sahani majini, akaiosha mara ya pili ingawa ilikuwa safi. Kisha akamwambia mwanawe aende kazini, asikatwe siku.

Msiba ulitandikwa upya. Majamvi yaliletwa, wanawake wakakaa, wakasema pole kwa nyuso za watu waliokwisha kulia zamani. Kila mlango wa jumba ulileta chombo: bakuli la uji kutoka ghorofa ya kwanza, samaki wa kukaanga kwa Bwana Borafya, mikate ya kumimina kwa Bi Biasha. Bi Mashavu alipokea vyote, na vyote vilioshwa jikoni kwa mikono yake mwenyewe. Msiba ulipoondoshwa alivirudisha, mlango kwa mlango.

Bi Biasha alifungua, akalipokea bakuli lake. Aliangalia ndani. Aliliinamisha kidogo, kama mtu anayetafuta sindano.

"Mashavu. Umenikasirikia?"

"Hapana, Biasha."

"Tulikuhurumia, dada'angu. Hatukukudhulumu."

"Pokea bakuli lako."

Hakueleza zaidi. Milango yote ilipokea vyombo vitupu, na jumba zima likaelewa hivyo hivyo. Kwenye kamba ya nguo wakasema Bi Mashavu kawakata. Baadhi wakasema ana haki, baadhi wakasema kibri. Yeye aliporudi alimwita Tahir, akamwambia kwamba katika nyumba yake kuanzia siku ile chombo cha mtu kitarudi kitupu, na akija kuoa amwambie mkewe hivyo, na watoto wake awaambie.

"Watu watatusema, mama."

"Waseme wakiwa majumbani mwao."

Chumba hakikubadilika. Jioni alipakua sahani mbili kama zamani. Wakil alimkuta na kawa mkononi.

"Dada, unampelekea nani sasa?"

"Simjui."

"Wale waliohamia nyumba za watu kule ni askari. Wezi. Huenda ndio hao hao waliorusha lile kombora."

"Huenda."

"Na utawalisha?"

Bi Mashavu alihamisha sahani mkono mwengine, maana ilikuwa ya moto. "Na mie nilikula pilau ya watu nisiowajua," alisema, akamwacha pale ukumbini.

Hakuwapenda waliokuwa ndani. Aliwashuku kwa kila kitu. Alikisikiliza kikohozi chao kupitia mlango: kizito, cha kifua kibovu, mara nyingine pamoja nacho kingine chepesi ambacho kingeweza kuwa cha mwanamke au cha mtoto. Alizipima alama za viatu, akaona kubwa, na siku moja ndogo, ya mguu peku. Hakupata uhakika wa jambo lolote. Kitu kimoja tu kilimpa raha, ingawa hakumwambia mtu: kila asubuhi sahani ilirudi tupu. Yeyote aliyekuwamo, alikula akakaa ndani.

Redioni walisema wakubwa wa vita wamekaa mezani. Jioni ile kabati lilipata matundu mawili.

Kisha ikaja asubuhi ambayo Bi Mashavu alifungua mlango akasimama. Sahani ilikuwa imeoshwa, si kwa mchanga, kwa maji. Katikati palikuwa na kikaratasi kimesokotwa. Alikifungua. Ilikuwa sukari, chafu kidogo, kama kijiko kimoja.

Alikaa kitandani na kikaratasi kiganjani. Huko nje ya chumba, upande usioonekana dirishani, watu walikuwa wakipiga kelele, na mtu mmoja alikuwa akikimbia.

"Nani kakutuma?" aliuliza. "Nani kakutuma utoke?"

Chumba hakikumjibu, kwa sababu maneno hayakuwa yakivuka, vitu tu. Alifikiri asubuhi nzima huku sindano ikiwa imesimama kwenye kofia. Kuacha kuweka chakula hakuwezekana. Kikohozi chepesi kilisikika tena. Kuweka sahani nako hakuwezekana. Adhuhuri alivaa buibui, akenda sokoni Darajani, akapita kwenye samaki na viungo bila kusimama mpaka kwa mwanamke mmoja wa shamba aliyeuza majani ya mgomba.

"Ya kufunikia nini, bibi?" mwanamke alimuuliza.

"Ya kupakulia."

"Mna shughuli?"

"Hapana. Kuna mtu nampelekea, sitaki anirudishie."

Mwanamke alimchagulia yasiyopasuka.

Baada ya magharibi Bi Mashavu alilipangusa jani moja, akalipitisha juu ya moto mpaka likalainika, akapakua wali na mchuzi mzito usiochuruzika. Sahani yenye mstari wa buluu aliifuta akaipandisha juu ya kabati la vyombo, karibu na kikopo cha nyuzi chenye vifungo. Aliingia chumbani, akaliweka jani sakafuni pembeni ya kitanda, akalikunja ncha nne na kufunga mlango.

Asubuhi jani halikuwepo, na hapakuwa na kitu mahali pake. Juu ya kichwa cha kitanda palikuwa na tundu jipya, na mchanga ulikuwa mwingi kuliko kawaida. Alichukua ufagio akaanza kufagia kuelekea mlangoni. Chini yake Bwana Borafya aligonga dari kwa mpini wa fagio lake, mara ya kwanza tangu habari za Ilham zifike, akapiga kelele kwamba chai yake imeharibika.

"Samahani, Bwana Borafya," alisema Bi Mashavu, akaendelea kufagia.